Thierno hana fimbo tu: tumsome tena mwalimu wa Samba Diallo



Katika mkutano wetu uliopita, mkubwa wetu mmoja alisimama akasema kama watoto wa leo hawana tena tabia njema ni juu walimu wameacha fimbo, na madrasa zimekuwa mahali pa kucheza. Ili atuonyeshe mufano wa mwalimu wa kweli, akamleta Thierno, yule mwalimu wa Korani katika riwaya *L'Aventure ambiguë* ya Cheikh Hamidou Kane. Wengi walipiga mikono. Na miye nilipiga, juu ni mkubwa wetu na anaongea vizuri. Lakini njiani wakati wa kurudi moyo haukutulia. Nilijiuliza: hiki kitabu tulichokisoma mwaka wa tano wa sekondari, tulikisoma kweli, ao tulibaki na kurasa tano za kwanza?

Nikakitafuta, nikakisoma tena mpaka mwisho. Leo naandika juu ya nilichokuta mle. Miye si mtu wa fakulte ya barua, nina lisansi ya agronomi tu, basi mnivumilie. Tena najua kama wasomaji wote hapa si Waislamu. Lakini kila mmoja wetu alipita mikononi mwa mwalimu aliyemfundisha dini, na kuko kitu alichokichukua kwake ambacho hakikuandikwa kwenye kaye.

Tuanze na kile wote wanachokumbuka. Kitabu kilitoka mwaka 1961. Kinafunguliwa na kipigo. Samba Diallo, mtoto mdogo wa ukoo wa wakubwa katika nchi ya Wadiallobé, amekosea kutamka aya. Thierno anamfinya paja. Anamvuta sikio, kucha zinaingia ndani ya nyama. Kuko hata kijinga cha moto ambacho anamsogezea. Mtoto analia ndani kwa ndani, anarudilia aya mpaka inatoka safi. Kisha mwandishi anatuambia kama mwalimu huyo anampenda mtoto huyo kuliko wote aliopata kufundisha, na anamwogopea juu ya ile zawadi Mungu aliyomtilia.

Ni mwanzo wenye nguvu. Msomaji anabaki ameshikwa pande mbili: anakasirika, na tena anasikia uzuri wa aya katika kinywa cha mtoto. Kane hakuficha damu, na hakumfanya mwalimu kuwa shetani. Kwa hilo namsifu. Waandishi wengi wa wakati wake wangechagua upande mmoja.

Lakini mkubwa wetu, na watu wengi wanaomtaja Thierno, wanafunga kitabu hapo. Wanachukua fimbo, wanaacha mtu. Turudi basi kwa mtu.

Jambo la kwanza ambalo kijana aliyesoma agronomi hawezi kulipita: Thierno analima. Kane anatuambia wazi kama maisha ya mwalimu huyu yana kazi mbili, kazi ya roho na kazi ya shamba. Shambani hatafuti mali. Anaomba udongo chakula kidogo tu, cha kumtosha yeye na watu wa nyumba yake. Wakati wote unaobaki ni wa kusoma, kuswali na kufundisha. Nilipokuwa sekondari niliruka mistari hiyo kama kitu cha kupamba. Sasa naona njo mgongo wa mtu huyo. Thierno hategemei mfuko wa mzazi yeyote, njo maana anaweza kumshika sikio mtoto wa mkubwa wa nchi bila kutetemeka. Grande Royale, dada mkubwa wa chifu, mwanamke ambaye nchi nzima inamwogopa, anachukizwa na namna mtoto anavyotendewa. Thierno hamfukuzi, tena hampigii magoti. Anabaki vilevile.

Sasa tuangalie kwetu. Nimekulia Maniema, ambako Uislamu uliingia pamoja na misafara ya wafanyabiashara kutoka Zanzibar katika karne ya 19, na Kasongo ikawa mji wake. Kuko familia ambazo mutoto anaenda chuoni kwa maalimu mbele hata ya kuanza shule ya Serikali. Na maalimu huyo, mara nyingi, hana mushahara. Anaishi na makuta ambayo watoto wanamletea kwa juma, na kilo ya mchele siku mtu amefanya maulidi. Nilimwona mmoja, sitasema wapi, akimpiga mutoto wa mjane juu ya herufi moja, na saa ileile mutoto wa mwenye duka alikuwa anamchekea usoni na hakuguswa. Watoto wote tuliona. Hakuna aliyesema kitu. Siku hiyo somo lilikuwa juu ya uadilifu. Herufi nilizofundishwa siku hiyo nimezisahau, lakini somo lile lingine nalikumbuka mpaka leo: kama haki ina bei.

Ndiyo maana nasema anayemleta Thierno kutetea fimbo ameleta shahidi mbaya. Thierno anampiga yule ambaye wengine wote wangemwogopa. Anataka hasa kuvunja kiburi cha ukoo ndani ya mtoto wa wakubwa, na wanafunzi wake, watoto wa wakubwa kama watoto wa wakulima, wanavaa matambara na wanaomba chakula kwenye nyumba za watu. Siye tunampiga asiye na mtetezi. Fimbo ni moja, lakini mtoto anayeangalia anajifunza mambo mawili tofauti kabisa.

Jambo la pili: Thierno anajua kusema kama hajui. Wakubwa wa nchi wanamwendea ili awaambie kama wapeleke watoto kwenye shule ya wazungu ao hapana. Angeweza kupiga meza, akatoa fatwa, na wote wangemfuata. Hakuamua mahali pao. Anaona hatari kwa pande zote mbili, na anaogopa kutumia jina la Mungu kwa kufunika mashaka yake mwenyewe. Ni Grande Royale anayekata neno. Tena anakata kwa mufano wa shamba: tunapenda mashamba yetu, lakini mbele ya mvua tunayatia moto na jembe, tunapenda mbegu zetu, lakini tunazifukia. Kama mtu wa agronomi nakubali mufano huo ni mzuri, lakini una kitu unachokificha. Mbegu inayofukiwa inahitaji mtu wa kubaki pale, kupalilia na kuangalia. Wadiallobé walimfukia Samba Diallo huko Paris, na hakuna aliyekaa kando ya tuta.

Jambo la tatu: mwili wake. Thierno amezeeka, viungo vinagoma, kuinama na kuinuka katika swala imekuwa vita. Lakini anainama. Watoto wanaishi karibu naye, wanaona. Hapo Kane hakuhitaji kutuandikia hotuba juu ya umuhimu wa ibada. Na wakati wa kuachia kiti ulipofika, Thierno alimvika kilemba Demba, mtoto wa mkulima, na Demba akabadilisha saa za masomo ili watoto waweze kwenda pia kwenye shule mupya. Mzee alichagua mtu ambaye atafanya tofauti na yeye. Walimu wangapi kwetu wanaweza hiyo?

Mpaka hapa namsifu Kane. Sasa niseme kile ambacho kinanisumbua katika kitabu chake.

Riwaya inatuonyesha mwanafunzi mmoja tu kwa karibu, tena mwenye kipaji kuliko wote. Mtoto wa namna hiyo anaweza kupigwa na bado akaupenda moto. Je, wale wengine? Yule mwenye akili ya kawaida, anayefinywa kila siku na hana sauti nzuri ya kumfurahisha mwalimu? Kane hatufungulii kichwa chake. Wasichana ndiyo kabisa hawana mahali pale. Kwa hiyo msomaji anaweza kutoka akiamini kama maumivu njo yalizaa ule uzuri. Kitabu hakisemi hivyo, lakini hakikatazi pia, na miaka yote hii watu wanaosoma mbio wamekitumia hivyo.

Tena tuangalie mwisho. Samba Diallo anasoma filosofia Paris, anarudi nyumbani, Thierno amekwisha kufa. Yule ambaye kitabu kinamwita mwendawazimu anamshurutisha aswali mbele ya kaburi la mwalimu. Samba Diallo hawezi. Anauawa pale. Wengi wanasoma mwisho huo kama hukumu juu ya shule ya wazungu. Miye nausoma pia kama swali juu ya madrasa. Mwalimu alimpa mtoto Neno safi, bila kosa hata la herufi moja, lakini alimkataza kuuliza maana yake. Paris ilimletea maswali, na hakukuwa na siku hata moja pale motoni ambapo aliona namna mtu anavyouliza na kubaki mwaminifu. Aliachiwa mfano wa kuswali, lakini mfano wa kuwa na mashaka na kuendelea kuswali Thierno alikuwa nao mwenyewe, ndani, na hakuuonyesha kwa watoto. Aliwaonyesha wakubwa wa nchi tu. Kwangu njo kosa lake kubwa, kuliko hata kucha katika sikio.

Ili nipime maneno yangu, nilisoma kando yake kitabu kingine cha Afrika ya Magharibi: maisha na mafundisho ya Tierno Bokar wa Bandiagara, kilichoandikwa na Amadou Hampâté Bâ na kutoka Paris mwaka 1980. Huyu si mtu wa riwaya, aliishi Mali kweli, na Hampâté Bâ alikuwa mwanafunzi wake. Kuko kisa kimoja ambacho nakiona kikubwa. Siku moja mwalimu alikuwa anafundisha, kifaranga cha mbayuwayu kikaanguka kutoka kwenye kiota juu ya ukuta. Wanafunzi wakaendelea kusikiliza somo, kama wanafunzi wazuri. Tierno Bokar akasimamisha somo. Akakichukua kifaranga, akaangalia kiota, akaona kimepasuka, akakitengeneza kwa mkono wake na kukirudisha kifaranga mahali pake. Kisha akawaambia kama amehuzunika, juu hakuna hata mmoja kati yao aliyeinuka.

Hakumpiga mtu. Lakini fikirini aibu waliyosikia wale vijana! Na fikirini kama mtu aliyekuwa pale angesahau siku hiyo maisha yake yote. Somo juu ya huruma lilikuwa limekwisha kabla hajafungua kinywa.

Tuseme kweli, kama kazi ya uandishi, kitabu cha Hampâté Bâ ni dhaifu kuliko cha Kane. Kimeandikwa na mwanafunzi anayempenda mwalimu wake, na mwalimu hana doa hata moja. Mwalimu asiye na doa anatuchosha, na zaidi, hatusaidii, juu hakuna kati yetu atakayefika pale. Lakini kina jambo moja la kweli na la kuumiza: mwisho wa maisha yake Tierno Bokar alichagua kumfuata Sheikh Hamallah, na watu wake mwenyewe wakamtenga, madrasa ikabaki tupu. Hakuwalipa kwa matusi. Wanafunzi walioona jinsi anavyobeba kutengwa walipata somo ambalo miaka ya furaha haikuweza kuwapa.

Najua jibu litakalokuja: "Weye unaleta mambo ya Wafaransa na riwaya, dini yetu iko na fimbo ndani." Watanitajia hadithi ya mtoto wa miaka kumi asiyeswali. Nimeisikia tangu utoto. Lakini isomwe yote. Inaanza kwa kumfundisha mtoto tangu miaka saba, ni kusema miaka mitatu ya kuonyeshwa, na inasema na wazazi juu ya swala. Wanazuoni waliizungushia mipaka mingi. Herufi iliyokosewa haimo mle, wala hasira ya maalimu aliyelala njaa.

Na kuko hadithi nyingine ambayo sikuwahi kufundishwa chuoni, nimeikuta mwenyewe nikiwa mkubwa, katika mkusanyo wa Muslim. Muawiya bin al-Hakam alisema maneno katikati ya swala nyuma ya Mtume, watu wakamkodolea macho na kupiga mapaja yao ili anyamaze. Baada ya swala Mtume hakumkemea, hakumpiga, hakumtukana; alimweleza tu kama swala si mahali pa maongezi ya watu. Mwenyewe Muawiya anashuhudia kama hakuona mwalimu bora kuliko yeye, si mbele yake wala nyuma yake. Ushahidi huo ulitoka kinywani mwa mwanafunzi aliyekosea mbele ya watu wote.

Wazee wetu wa elimu walilijua hili. Al-Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, katika kitabu chake kikubwa *Ihya* anafananisha mwalimu na mti na mwanafunzi na kivuli: mti ukiwa umepinda, kivuli kitanyooka kwa njia gani? Ibn Khaldun, katika karne ya 14, alionya kama mtoto anayelelewa kwa ukali anajifunza kusema uongo na kujificha ili ajiokoe, mpaka inakuwa tabia yake. Siye watu wa agronomi tunajua kitu kama hicho kwenye mihogo. Ukikata kipande kwenye mti wenye ugonjwa wa mozaiki, ukakipanda kwenye udongo mzuri wa namna gani, majani yatatoka yamekunjamana. Unaweza kuongeza mbolea, unaweza kupalilia mara tatu, ugonjwa ulikuja na mbegu.

Sasa niache vitabu, niseme juu yangu, juu si vizuri kuwapima wengine tu.

Tangu nimalize masomo, kazi sijapata, na Jumamosi jioni nasaidia katika madrasa ya kata yetu, hapa Kindu. Nafundisha watoto wadogo herufi na adabu. Mwaka uliopita nilikuwa nafundisha juu ya ukweli: dalili za mnafiki, kama akisema anasema uongo. Katikati ya somo simu ikalia. Ilikuwa ni mtu aliyekuwa ananingojea ng'ambo ya Lualaba tangu saa nane. Nikamjibu bila kufikiri: "Niko tayari kwenye mtumbwi, nafika sasa." Nikaweka simu mfukoni, nikaendelea na dalili ya pili.

Hakuna mtoto aliyecheka. Walikuwa wananiangalia tu.

Juma lililofuata, mama mmoja alinisimamisha sokoni. "Maalimu, huyu mutoto ananishinda. Namutuma makala, anabaki kucheza, nikimuita anajibu 'niko kwenye mtumbwi'. Mutumbwi gani, na siye tunakaa mbali na mayi?" Nilipouliza uliza, nikakuta darasa zima linasema hivyo. Mtu akichelewa: niko kwenye mtumbwi. Mtu akitaka kudanganya kaye iko nyumbani: niko kwenye mtumbwi. Miezi ile yote niliyowafundisha haikuzaa methali hata moja, sekunde tatu za simu zikazaa.

Hapo ningeweza kuchukua fimbo. Njo ingekuwa rahisi: kuwapiga juu ya uongo niliowafundisha miye mwenyewe. Jumamosi iliyofuata niliwaambia kama ile siku niliongopa, kama mtu wa ng'ambo alipoteza saa mbili juu yangu, na kama nilimwomba samahani, kitu ambacho nilikuwa nimekifanya asubuhi hiyohiyo kwa haraka, ili nisiongope mara ya pili. Mmoja akauliza: "Kumbe maalimu eko na zambi?" Nikajibu ndiyo. Walikaa kimya zaidi kuliko siku zote.

Sisemi kama tabia zao zilibadilika siku ile. Mazoea ya mtumbwi bado yako. Lakini tangu pale, wawili wamekuja wenyewe kusema kosa kabla sijalijua, na wakati wa fimbo sikuwahi kuona hilo.

Kwa mkubwa wetu aliyeongea katika mkutano, namheshimu, na nakubaliana naye kwa jambo moja: walimu wengi wamelegea. Lakini ukali unaopungua si ule wa mkono, ni ule wa mwalimu juu ya nafsi yake. Tena lawama si ya walimu peke yao. Msikiti ukitaka simenti, tunachanga. Maalimu akitaka unga, tunamwambia asubiri, kisha tunashangaa kama anamwinamia mwenye duka. Tunataka Thierno, lakini hatutaki kumpa shamba.

Basi nina ombi dogo kwa chama chetu, hasa kwa wenzangu wa agronomi tulio wengi hapa na wasio na kazi. Kila madrasa ya kata ipate kipande cha udongo, hata mita 20 kwa 50, cha maalimu mwenyewe kulima. Watoto wasigeuzwe vibarua, hilo tulikatae tangu mwanzo. Siye tutoe vipande safi vya mihogo, maharagi, na siku chache za mikono yetu. Kwa madrasa yetu nimekwisha kuongea na mwenye uwanja nyuma ya msikiti. Amesema atanijibu baada ya Ijumaa. Anayetaka kuja na jembe, anijulishe, na akisema atafika saa mbili, afike saa mbili.